Ufunguo wa Mama na Maiti wa Kisimani

Jumatatu, 3 Novemba
Torsha, mjukuu wangu, kasema kampuni moja ya filamu za mtandaoni inatafuta hadithi za Kibengali. Nitawapa yangu! Barisal, Bengali ya Mashariki, 1950, India imekwisha kugawanywa. Mama anafunga mlango wa nyumba yetu, anafunga ufunguo kwenye pindo la sari, tunavuka mpaka kuja Kolkata. Hatukurudi. Ufunguo ninao mezani. Kabla sijafa, nataka watu wamwone akiufunga mlango ule.

Jumatano, 5 Novemba
Mwongozaji, binti aitwaye Ishani, kaisoma. Nzuri, kasema, ila mtazamaji wa simu hukimbia baada ya dakika mbili asipokufa mtu. Nikamweleza kwamba kwetu hakufa mtu. Akasema tatizo ndilo hilo.

Ijumaa, 7 Novemba
Ujanja umepatikana. Nimetia maiti kisimani. Yeye avute watu, mama apite nyuma yake. Kosa: nilimsimulia rafiki yangu Bhabatosh kwenye soga la chai. Mzaliwa wa Kolkata huyu, hajahama hata mtaa. Kacheka hadi chai ikamtoka puani. “Miaka sabini na ushee nyinyi mliohamia huku mnatulilia mito ya kwenu, bwana, leo mnatia maiti kisimani?”

Jumanne, 11 Novemba
Ishani anataka maiti watatu. Nimempa. Mama kabaki na nusu ukurasa. Na wa kuigiza maiti wa kwanza nani? Bhabatosh! Kaenda kuomba mwenyewe. Anadai ana sura ya kufa. Hapo sibishi.

Jumamosi, 14 Februari
Leo wamerekodi sehemu ya mama. Mwigizaji kauchomeka ufunguo kiunoni. Nikawasimamisha wote. Pindoni, nikasema, kisha pindo litupwe begani. Akalitupa. Ufunguo ukampiga mgongoni, kama zamani. Ilibidi niketi. Bhabatosh, amelowa na amekwisha kufa, kaniletea maji.

Jumapili, 8 Machi
Ushindi! Mama kawekwa kwenye utangulizi, majina ya waigizaji yakipita juu yake, katika vipindi vyote vinane. Tumejaa sebuleni kutazama. Torsha kabonyeza rimoti, mama katoweka, Bhabatosh huyo kisimani. Nikauliza kulikoni. Torsha kanijibu kwa upole kwamba utangulizi huwa unarukwa, kuna kitufe.

Kisha Bhabatosh: “Rudisha, mwanangu. Nataka kumwona mama yake huyu.”

Sekunde arobaini za mama. Hakuna aliyegusa chai.

Jumatatu, 9 Machi
Ishani anataka msimu wa pili. Nimemwahidi maiti saba. Safari hii mama nimemficha katikati, kusiko na kitufe. Mpango hauna kasoro. Nimemsimulia Bhabatosh wote.