Geti Nililopewa Pamoja na Mke

Kwa Baba Mkwe mheshimiwa,

Shikamoo, Baba. Niwie radhi kwa kukuandikia kwenye karatasi ya ofisini. Za nyumbani nimezimaliza zote kwa rasimu za barua hii.

Leo ni siku ya kumi na mbili binti yako yuko kwako. Najua amekwambia kwamba nilimfungia nje. Usisikilize upande mmoja. Aliyemfungia nje ni geti, na geti ulilichomelea wewe kwa mikono yako. Kwa heshima zote, mlalamikiwa ni wewe.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Uzito. Ulipotuletea geti hili siku ya harusi, watu walikusifu, nami nilipiga makofi. Lakini nyumba yetu ina vyumba viwili na kuku watatu. Chuma kile kingetosha kulinda benki. Mimi ni karani wa masjala, Baba. Kitu kizito kuliko vyote ninachobeba ni faili la mwaka juzi.

2. Uliponiona nikilisukuma, ulicheka mbele ya shemeji zangu. Ndiyo maana nilifunga mota ya kulisukuma. Ilifanya kazi vizuri sana siku zote ambazo umeme ulikuwepo.

3. Siku ya tukio umeme ulikatika saa kumi na moja jioni, mvua inamwagika, na binti yako yuko nje kwenye gari anapiga honi. Ili geti lifunguke kwa mkono, unafungua kisanduku cha mota kwa kifunguo chake, kisha unainua kishikio kilichomo ndani. Kifunguo hicho nilikuwa nimekiunganisha na funguo za gari ili kisipotee. Hakikupotea. Kilikuwa nje, naye.

4. Alinirushia funguo juu ya ukuta, zikanipata katikati ya paji la uso. Kipaji hicho cha kulenga hamkunitajia nilipokuja kuposa. Hata hivyo nilifungua kisanduku, nikainua kishikio, nikasukuma kwa mikono, kwa bega, hata kwa makalio. Geti halikutikisika. Nikamshauri kwa upole asubiri umeme urudi.

5. Umekuwa fundi miaka thelathini, na hukuweka mlango mdogo wa watu! Baada ya saa moja na nusu binti yako aliuliza akiwa nje ninafanya nini. Nikajibu kwa ukweli kwamba nasoma kitabu cha maelekezo, nimefika ukurasa wa tisa. Akaomba funguo za gari. Nikachomoa kifunguo cha mota, nikazipitisha chini ya geti, nikidhani anataka kuwasha hita. Akawasha gari, akaja kwako.

6. Ulinipa zawadi mbili siku moja. Umerudishiwa moja na umenyamaza, nami nimebaki na ile nzito.

Kwa hiyo naomba uje na vyombo vyako, ulikate geti vipande vipande, uondoke nalo, na umwache yeye. Uniombe radhi kwa maandishi, barua isomwe mbele ya shemeji zangu. Nisipojibiwa ndani ya siku saba, nitalazimika kumwandikia Mama Mkwe.

Nisalimie wote hapo nyumbani, akiwemo yule shemeji aliyecheka hadi akakaa chini.

Ni mimi mkweo mtiifu, mwenye uvimbe usoni.

Tanbihi: Nimekimaliza kitabu. Kishikio huinuliwa mpaka mwisho; mimi nilikuwa nakiinua nusu. Nimejaribu asubuhi hii, na geti lako linakwenda kwa kidole kimoja. Kwa hiyo malalamiko ya kwanza hadi ya tano usiyasome. La sita libaki. Geti nimelisukuma lote pembeni na sitalifunga, umeme uwepo usiwepo. Kuku wawili wameshatoka. Nikirudi kutoka kazini nakaa palepale getini, kwa sababu kukaa humo ndani bila yeye kumenishinda. Mwambie aingie tu, Baba.