Anayevuta Upepo Wangu

Jumatatu, 10 Februari
Gari ni langu! Nimelinunua kwa Parsaoti wa Isinya, pamoja na mbuzi watatu. Lilikuwa la marehemu babake. Jumamosi napeleka mbuzi hao Kajiado kwa kina Nzula, mchumba wangu, iwe ntheo, mbuzi wa posa wa Kikamba, nihesabiwe mkwe. Nikishindwa, baba yake amesema Musila naye yuko tayari. Musila! Jirani yangu mwenyewe!

Parsaoti alinionya nisitaje jina la mzee ndani ya gari. Kwao aliyekufa haitwi. Nikamwambia mimi ni mtu wa kanisa. Nilifika nyumbani Kitengela saa nane, jua la kupasua kichwa, nikapima matairi kwa geji mpya. Yote 38! Yanatakiwa 32. Nikapunguza upepo.

Jumanne, 11 Februari
Alfajiri, 26! Nani ameiba upepo wangu? Musila, nani mwingine. Nikajaza mpaka 32, nikazunguka mjini nionekane. Saa nane, 38. Sasa ananiongezea? Nikapunguza tena. Jioni nikamwaga unga kuzunguka gari. Atakanyaga tu.

Jumatano, 12 Februari
Unga uko vilevile. Hata alama ya kuku hakuna. Upepo, 26.

Mbuzi walikuwa wamevuta kamba mpaka mwisho, wote watatu, wakilitazama gari. Nilimpigia Parsaoti nikamuuliza mzee alikufa na nini. Akasema kwa upole kwamba alikosa pumzi.

Kumbe! Usiku anavuta kwenye matairi yangu, mchana anarudisha.

Alhamisi, 13 Februari
Nzula amepiga simu. Anasema upepo hufura kwa joto, nipime asubuhi kabla ya kuendesha, na kipimo kimeandikwa kwenye mlango wa dereva. Nilicheka. Nikaangalia. Kweli kimeandikwa! Nikabandika juu yake "Gari Hili Ni la Yesu". Mzee akipita hapo atasoma.

Halafu nikakasirika. Nilikaa kwenye usukani nikamwita kwa jina, Kisemei, atoke. Hakuna kilichotokea. Ila mbuzi waliacha kulia, na hawajalia tena.

Jumamosi, 15 Februari
Jana mchana nilipunguza upepo kama kawaida. Leo asubuhi sikupima, niliogopa. Wajomba walitangulia Kajiado, mimi na mbuzi nyuma yao.

Tairi lilipasuka Isinya. Mbele ya lango la mzee! Tairi la akiba halikuwa na hata tone la upepo. Nilipofungua buti mbuzi wakashuka, hawakukimbia. Walitembea mmoja nyuma ya mwingine, wakaingia boma, wakalala chini ya ukuta wa chumba chake. Parsaoti aliniuliza kama nimetaja jina. Nikasema hapana.

Jumapili, 16 Februari
Nzula anasema jana alisimama langoni kwao mpaka jua likazama. Hilo limeniuma kuliko tairi. Amemlilia baba yake, nimepewa Jumamosi moja ya mwisho. Baada ya hapo ni Musila.

Halafu akaniuliza upepo nilipima saa ngapi! Mtu yuko kwenye vita na kaburi, yeye anauliza saa. Nimekwisha kuamua. Asubuhi sigusi matairi hayo kamwe. Nitapima saa nane mchana, jua likiwa kali kabisa, marehemu akiwa amekwisha kurudisha upepo wote.