Mgodi wa Gereji ya Wadi Kabir

Habari aliisoma Ishaq kwenye simu, kwa sauti ya hakimu anayesoma hukumu. Mji mmoja wa Ulaya, maarufu kwa maji ya moto tangu enzi za wafalme wao, umetangaza migodi yake ya dhahabu kuwa urithi wa kutunzwa. Dhahabu iliisha zamani. Sasa wagonjwa wa mgongo hupakiwa kwenye kigari cha reli, wakaingizwa ndani ya mlima na kulazwa kwenye handaki lenye joto na giza. Na wanalipia.

Thani akaweka kikombe chini. Ndiko alikokuwa akipelekwa usiku ule ule kutibiwa mgongo. Binti yake Hajar keshakata tiketi, na yeye tangu utotoni haingii chumba kisicho na dirisha, hata kuswali.

Pale barazani, nje ya gereji ya Ishaq mtaani Wadi Kabir, wenzake walimwita Thani "Waziri", maana alistaafu ukarani wizarani lakini hakustaafu kuamrisha.

"Waziri, mwezi wa nane huu jangwani kwetu," akasema Ishaq, "hita ya maji tumezima na maji ya tangi la juu ya paa bado yanatubabua kwa jua. Weye wapanda ndege kufuata maji ya moto?"

Lubega, dereva wa Kiganda waliyemwita Wakili kwa kutetea hata wasiomwomba, akasema kwao mtu huingia mgodini hana kitu akatoka na dhahabu. "Huko unaingia na dhahabu, mzee, unatoka na jasho."

Thani akawaambia joto si hoja, hoja ni giza, na Hajar haamini. Anasema baba anajidekeza.

Hapo Wakili akapata wazo. Waziri ashuke kwenye shimo la gereji, lile ambamo fundi husimama chini ya gari. Gari lisogezwe juu yake, apige ukelele, na Hajar aitwe asikie mwenyewe. Ushahidi gani tena?

Walibishana kama mgonjwa wa mgodini huvaa nini, mpaka kahawa ikapoa. Mwisho Thani akashuka na wizari, ile shuka ya kiunoni ivaliwayo ndani ya kanzu, na kofia, kofia akikataa katakata kuivua. Gari likasogezwa. Akajilaza juu ya boksi lililokunjuliwa ambalo fundi hulitandika, akavuta pumzi ya ukelele.

Lakini saruji ilikuwa baridi. Mgongo ukajinyoosha wenyewe, pingili kwa pingili. Giza lilinuka oili, na ndani yake hapakuwa na mtu wa kumbishia. Akaona asubiri kidogo, ukelele wenyewe ushibe.

Alipofumbua jicho, aliona viatu vya Hajar ukingoni mwa shimo.

"Ami Ishaq, umeniita nisikie ukelele," alikuwa akisema. "Mie nasikia mkoromo tokea barabarani."

Ishaq akamtazama Wakili. Wakili akatazama ndani ya kikombe chake.

"Mwambieni nimekufa," akasema Thani kutoka chini.

"Hata maiti hupanda ndege, baba," akasema Hajar. "Toka huko, sanduku limo garini."