Safari ya Alpi Imeniharibikia Kituoni Al Khuwair

Jamani, leo nimeadhirika. Nimeadhirika mbele ya ukoo mzima, na picha ipo.

Mnajua nilivyoshikwa na milima ya Alpi. Siku hizi sina mazungumzo mengine. Nataka kwenda kule na kuzunguka kwa treni tu. Unalala mji mmoja, asubuhi unabeba begi lako, unapanda, na theluji inapita dirishani nyeupe kama shuka zilizoanikwa. Gari hakuna. Miguu na reli, basi. (Nimeshaandika nusu ya riwaya inayotokea ndani ya treni. Treni sijapanda hata siku moja.)

Mama alisema siendi peke yangu. Nikienda, niende na Shangazi Moza, dada yake baba. Sasa shangazi ni mtu ambaye hata dukani hashuki garini. Anapiga honi, muuzaji anamletea mkate dirishani. Nikawa namhubiria kila nikimwona. Nikamwambia gari linatufanya tuione dunia kupitia kioo, kama samaki wa pambo. Mwisho akachoka.

"Haya, we mtoto," akasema. "Huko Ulaya mie nkakokote masanduku na goti hili? Kwanza nione kama wewe unaweza. Siku moja tu. Utoke kwenu Al Khuwair mpaka Matrah, kule bandarini, na sanduku lako, gari usiliguse. Ukifika, nnakwenda na wewe."

Siku yenyewe ndiyo leo.

Nikapanga sanduku kama la safari kweli: makoti, viatu vya mlimani, vitabu. Nikatoka. Jua lilikuwa kali, limeshashuka mpaka mabegani mwa watu. Kituo cha basi kwetu hakiko mbali. Ukisimama jikoni unakiona. Nikafika mkavu, jasho hata tone. Nikajisifu kimoyomoyo kwamba mwili wangu umeumbwa kwa safari. Basi likaja, nikapanda, nikakaa dirishani.

Pembeni yangu alikuwapo msichana wa Kiganda. Akaliangalia sanduku.

"Dada, unahama?"

"Hapana. Nafanya mazoezi ya kupanda treni."

Akafikiri kidogo. "Lakini hii ni basi."

"Najua."

Akageukia upande mwingine, taratibu, kama mtu anayempa mgonjwa nafasi.

Sikujali. Barabara niliyoipita miaka yote niliiona upya. Kulikuwa na mzee akimwagilia mkunazi wake kwa birika la chai. Kulikuwa na nguo za watoto zikicheza kwenye kamba. Machozi yakanilengalenga. Nikaandika kwenye kundi letu la ukoo: "Nipo njiani. Kumbe mji huu una roho, sisi ndio tuliofunga vioo."

Binamu zangu wakatuma mioyo. (Mingi.)

Matrah nikashuka, nikalikokota sanduku kando ya bahari mpaka alipokuwa shangazi. Alikuwa ndani ya gari lake, kioo nusu, chai mkononi. Hapo jasho lilikuwa linanitiririka na mtandio umehamia shingoni. Akanifungulia mlango.

"Pole mwanangu. Mashallah, umefika kweli."

"Nimefika, shangazi."

"Na gari leo hujaligusa?"

"Sijaligusa."

Wallahi niliamini ninachosema. Akaniangalia kwa macho ambayo hajawahi kuniangalia nayo, macho ya heshima. Akasema, "Basi ntatafuta koti," na moyo wangu ukaruka. Simu yake ikalia. Ujumbe wa kundi la ukoo. Akavaa miwani.

Ilikuwa picha kutoka kwa Nassor, kaka yangu, aliyekuwa anarudi nyumbani. Gari langu, limeegeshwa kituoni. Mlango wazi. Taa zinawaka. Chini ameandika: "Shangazi, huyu msafiri wetu ameacha gari linaunguruma."

Ndipo nilipokumbuka. Sanduku lilikuwa zito, nikalitia garini bila kufikiri, kama mtu anavyovaa viatu. Nikaendesha mpaka kituoni. Nikangojea basi humo humo, kiyoyozi kikinipuliza. Basi lilipotokea nikakurupuka, nikachomoa sanduku, nikakimbia. Kwangu mimi kwenda kituoni hakukuwa safari. Kulikuwa kutoka nje tu.

Kwenye kundi mama alikuwa ameshapagawa: "Mwenyewe yuko wapi? Kachukuliwa na nani?"

Nassor akajibu: "Kachukuliwa na basi, mama."

Shangazi alicheka mpaka chai ikamwagikia buibui. Akacheka, akanyamaza, akaiangalia tena picha, akaanza upya. Mimi nilikuwa nimekaa na sanduku mapajani, kwa sababu sikujua pengine pa kuliweka.

"Shangazi, niruhusu nirudie kesho."

"Hapana. Umeshanishawishi." Akajifuta macho. "Hiyo treni yako nimeipenda. Nnakwenda. Nnakwenda na mama yako, yeye angalau anakumbuka alipoacha vitu vyake. Wewe utabaki, uangalie gari."

Nilidhani ni mzaha. Lakini tangu nirudi nyumbani mama yuko mbele ya kioo na makoti yangu. Ameniuliza lipi litampendeza kwenye theluji, jeusi au la kahawia.

Nimemwambia la kahawia. Tafadhalini, msicheke.