Gari la Damu ya Mzee kwenye Kona ya Mikaratusi

Jumatatu, 4 Machi 1974. Kasulu.

Immakulata, nimeapa juu ya daftari hili kukuandikia yote, hata yanayonitia aibu. Jumapili nitachana kurasa hizi nizitie kwenye bahasha, zikufuate huko bwenini.

Habari ya kwanza ni mbaya. Gari la baba yako litakatwa Jumamosi. Mjomba Tharsisi amelitunza chini ya turubai tangu mlipovuka mpaka pale Mabamba mwaka juzi, baba yako akaliacha hapa na kurudi Burundi kumchukua bibi yenu, asionekane tena. Hujasahau lilivyo: viti viwili, rangi ya damu ya mzee, nguvu za malori mawili. Sasa Mzee Isihaka, baba yake Kudra wa darasani kwetu, anaitaka injini aifunge kwenye mashine ya kusaga.

Nimemsihi Mjomba. Anasema gari lisiloweza kushuka kilima hiki hadi barabarani ni banda la kuku. Mara tatu amejaribu kulishusha wakati wa mvua, na mara tatu limepita kona ya mikaratusi likitanguliza mkia. Vijana kumi wamelivuta kwa kamba kulirudisha juu. Likishuka kwa uso hata mara moja, atalitunza mpaka mwenyewe arudi. Nikamwuliza nani atalishusha. Akacheka, akashika shavu, akaingia ndani na jino lake linalomuuma.

Nitalishusha mimi.

Jambo moja la ajabu. Kuku wameacha kutaga garini. Tangu jana wamesimama mstari mmoja nje ya turubai. Wanatazama tu.

Jumanne, 5 Machi

Nimemwuliza Mjomba kwa adabu kwa nini mkia hutangulia. Alifurahi, hakuna anayemwuliza kitu siku hizi ila hali ya jino. Injini ya gari hili husukuma magurudumu ya nyuma, alisema. Ukikanyaga mafuta kwa pupa kwenye utelezi, nyuma inapoteza ardhi na kutaka kupita mbele. Hapo usikanyage breki. Usiachie mafuta ghafla. Geuza usukani upande uleule mkia unakokwenda. Na utazame unakotaka kufika, si mti unaouogopa. Nimeandika yote na kupigia mstari.

Baada ya shule nikaingia chini ya turubai kujizoeza. Nilivuta kiti mbele mpaka mwisho, vidole vya miguu vikafika. Nikageuza usukani mara hamsini. Mle ndani mlinuka tumbaku ya kiko. Mjomba havuti.

Jumatano, 6 Machi

Asubuhi kiti kimerudi nyuma mpaka mwisho. Mjomba anasema hajakigusa. Nimekivuta tena.

Leo mazoezi ya vitendo. Nilichukua ule mtumbwi wa bibi yangu wa kukamulia ndizi za pombe, nikaupeleka kwenye mteremko wa udongo mwekundu nyuma ya kisima. Mpango mzuri: mtumbwi ni gari, mpini wa ufagio ni usukani. Mkia ulipokwenda kushoto nami nikageuza kushoto, kama nilivyofundishwa. Hapo nikamwona Kudra na ndoo yake. Nikamtazama yeye badala ya njia. Basi nikamwendea yeye.

Ndoo ilipasuka. Kudra aliuliza kwa sauti ya kusikika hadi sokoni, "Wee Theodosia, hiyo pombe yenu inakimbilia wapi?" Kisha akasema Jumapili nitakula ugali wa unga uliosagwa na gari la Mrundi. Nilikuwa natazama juu, kwenye mikaratusi. Kulikuwa na mtu mrefu mwenye kofia ndani ya ukungu. Nilipomwonyesha Kudra, akasema aonapo miti anaona miti.

Alhamisi, 7 Machi

Darasa zima linaniita Pombe.

Kiti kimerudi nyuma tena. Turubai limekunjwa mara nne, vizuri, kama shuka la hospitali. Mjomba alinishukuru kwa kulikunja. Nilipokea shukrani.

Ijumaa, 8 Machi

Hili ningependa kulificha, lakini niliapa.

Alfajiri Mjomba alikwenda Kabanga kung'olewa jino. Ufunguo uko msumarini, chini ya rozari. Nilitandika vitabu vya hesabu na jiografia kitini, nikavuta kiti mbele, nikawasha. Injini iliitika mara ya kwanza, ilhali betri ya Mjomba huwa inabembelezwa. Kuku walisogea wakanipisha, wote kwa pamoja.

Nilishuka polepole. Mvua ilikuwa imekatika. Kwenye kona nikaogopa, nikakanyaga mafuta badala ya kuacha, na mkia ukaanza kwenda kulia. Nikageuza kulia. Mikaratusi ikapita dirishani kama watu wanaokwenda mazishini.

Hapo alikuwa amesimama yule mtu wa kofia, kumbe ni mzee, ukingoni kabisa. Kofia nyeusi, unyoya wa kanga ubavuni. Alinitakia habari za asubuhi kwa Kirundi, taratibu, "Mwaramutse," nami nikamsikia vizuri juu ya mlio wote ule.

Unajua tulivyolelewa. Mkubwa akikusalimu unatua mzigo, unainama, unapiga makofi kwa mikono yote miwili. Sikufikiri. Niliachia usukani, nikainama, nikapiga makofi.

Usukani ukazunguka peke yake. Haukuzunguka ovyo, ulikwenda kulia, ukangoja, ukarudi katikati, kama mtu anayeijua kona hiyo. Gari likanyooka. Nilipoinua kichwa nilikuwa barabarani, uso wa gari ukitazama Kibondo.

Nilitaka kukanyaga breki. Miguu haikufika. Kiti kilikuwa nyuma mpaka mwisho.

Nilizima kwa ufunguo, gari likasimama, nikapanda kwa miguu kwenda kumshukuru mzee. Kwenye udongo palikuwa na alama za tairi tu.

Jumamosi, 9 Machi

Mzee Isihaka alikuja na misumeno na Kudra. Mjomba, shavu limefungwa kitambaa, aliwaonyesha gari barabarani na kusema kwa upande mmoja wa mdomo kwamba ahadi ni ahadi. Kudra aliniambia nimebahatika. Hakuniita Pombe.

Kisha nilipigwa fimbo mbili, za haki. Mjomba akanieleza kwamba hakuna maajabu: gari likiserereka ukiachia usukani, magurudumu ya mbele huitafuta njia yenyewe. Ndivyo yalivyofungwa kiwandani. Nikauliza kuhusu kiti. Akasema reli yake imechakaa. Nikamweleza kuhusu kofia na ule unyoya. Alikwenda akalifunika gari, akakaa kando yake mpaka chai ikapoa. Aliporudi alinikataza kukuandikia habari za mzee.

Jumapili, 10 Machi

Lakini niliapa kabla hajanikataza.

Nimetafakari kanisani, na nimepata kanuni mpya, bora kuliko zote za Mjomba: gari likiserereka, salimia. Nimeiandika ukurasa wa kwanza na kupigia mistari miwili. Mjomba anarudi Kabanga Ijumaa kutazamwa fizi, na ufunguo ameuhamishia nyuma ya picha ya Bikira Maria, nilimwona. Safari hii nitashuka kwa kasi zaidi. Kudra amekubali kukaa kiti cha pili, ili ashuhudie.

Immakulata, nadhani kuna heri. Mtu aliyekwenda mbali akirudi, huenda akaona haya kuingia nyumbani moja kwa moja, akasimama kwanza njiani. Ndiyo maana nakuomba unijibu kwa posta ya kwanza, barua inifikie kabla ya Ijumaa: baba yako alikuwa na kofia ya namna hiyo? Na nikimkuta tena pale konani, nisimame nimpakie?