Saa Sita Zilizopotea Temeke

Jumatatu, 11 Agosti 1997
Nimeahidi. Mungu anisamehe, nimeahidi! Mzee Abdulrahman wa Kawe, baharia mstaafu, baba yake Najma wangu, alikuwa na kompyuta ndogo ya vibonye vya mpira aliyotoka nayo Ulaya. Unaichomeka kwenye televisheni, programu inatoka kwenye kanda ya kaseti. Aliiandikia programu ya kumkumbusha mkewe, Bi Mwanakombo, dawa na chakula. Umeme ukaiunguza kompyuta. Mwaka jana Bi Mwanakombo naye akatutoka. Imebaki kanda.

Mzee kasema siku akiliona tena jina la mkewe kwenye kioo, nilete wazee wangu kuposa. Nikasema ataliona Jumapili hii! Najma akanikanyaga mguu. Nilikuwa nimeshasema.

Jumatano, 13 Agosti
Tangu Machi naifundisha kompyuta ya kituo chetu cha mafunzo hapa Temeke ijifanye ile ndogo ya Mzee. Miezi mitano kanda inalia tu kama paka aliyebanwa na mlango. Leo imesomeka! Nimeruka. Gozbert, mwalimu mwenzangu, kasema watu wenye akili hawaifundishi kompyuta mpya uzee. Wivu.

Alhamisi, 14 Agosti
Inafanya kazi, ila ina wazimu. Programu ya Mzee inaangalia saa ya kompyuta yangu. Nimewahi kazini saa moja asubuhi, kompyuta inaonyesha 7:00. Kioo kikatangaza: MWANAKOMBO, SAA SABA, CHAKULA TAYARI. Chakula gani, hata maandazi hayajapita? Nikasubiri. Saa saba mchana, kompyuta inaonyesha 1:00: MWANAKOMBO, SAA MOJA, CHAI NA DAWA. Zimepotea saa sita kamili! Zimekwenda wapi? Nimepekua mistari mia nne, sikuona kitu. Nimemwambia Gozbert ni joto la Temeke, linachelewesha saa. Kakubali. Na huyo ni mwalimu wa kompyuta!

Jumamosi, 16 Agosti
Nimeigeuzia feni. Wanafunzi kumi na wawili wamejipepea kwa madaftari, saa sita hazijarudi. Najma kapita, kauliza kuna nini. Nimemwonyesha, nikamwambia ni mambo ya kitaalamu, asijisumbue. Kakitazama kioo, kacheka, kaichukua kanda na kuitia mkobani. Kasema mikono yangu haiaminiki. Nampenda, lakini dharau hii!

Jumapili, 17 Agosti
Nimefungua kituo mwenyewe. Saa moja asubuhi Mzee kafika na Najma, kanzu imepigwa pasi. Nikampa shikamoo na kuanza kuomba radhi kabla hajaketi. Kioo bila haya: MWANAKOMBO, SAA SABA, CHAKULA TAYARI.

Mzee kavua miwani, kaifuta, kaivaa. Kalisoma jina kwa sauti, mara mbili. Halafu kacheka mpaka kakohoa. Kaniuliza, kijana, umeilisha saa ya Kizungu? Mie niliiandika kwa saa yetu! Najma kasema aligundua tangu jana, ila aliambiwa ni mambo ya kitaalamu. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikasema narekebisha sasa hivi. Mzee kakataa katakata. Marehemu, kasema, alikuwa akiulizia chakula cha mchana hata chai haijaiva, kwa hiyo niiache hivyo hivyo, nisiguse kitu. Machozi yalikuwa yanamlenga. Na mimi pia, sikatai. Kisha kasema nilete wazee wangu Jumapili ijayo. Naoa!

Jumatatu, 18 Agosti
Mzee kasema nisiguse. Lakini fundi gani anaacha kasoro? Ni kutoa sita tu, mstari mmoja! Nimeuandika asubuhi. Sasa kioo ni cheusi tii, na nakala ya kazi yangu ilivyokuwa jana sikuitunza. Mchana Najma kapiga simu kituoni. Mzee hajalala kwa furaha, kesho anataka kuja na jirani zake watatu wamwone Mwanakombo. Kaniuliza kama kila kitu kiko sawa. Nimemwambia waje hata kumi.