Kalamu ya Baba Mkwe Yavuja

Jumatatu, 3 Novemba

Mkuu wa shule ametangaza: Alhamisi atatujaribu miandiko. Mshindi ataandika majina kwenye vyeti vya wahitimu. Wahitimu arobaini na mmoja, na mmojawao ni binti yangu, kifungua mimba! Nataka jina lake liandikwe kwa mkono wangu. Nalitaka mno.

Mpinzani ni mmoja tu, Mwalimu wa Jiografia. Herufi zake zimenyooka utadhani gwaride. Majigambo hana, na hilo ndilo linaloniudhi.

Nimeazima kalamu ya baba mkwe, ile ya kujaza wino. Nimeijaza nusu, ipate kupumua. Imevuja mfukoni. Shati jeupe, kwaheri. Mama watoto ameuliza kama nimepigwa risasi ya bluu.

Jumanne, 4 Novemba

Ugonjwa nimeugundua: kifuniko kimelegea. Nimekiziba kwa nta ya mshumaa. Kazi safi!

Darasani kikagoma kufunguka. Nikatumia meno. Kikaachia ghafla. Nimefundisha kipindi kizima nikiwa na midomo ya bluu, na hakuna mwanafunzi aliyethubutu kuniambia. Mwalimu wa Jiografia ndiye aliyenipa leso. Unafiki mtupu.

Jumatano, 5 Novemba

Nimekwenda kwa fundi wa kalamu, yule mzee mwenye kibanda kando ya posta. Kaigeuzageuza, kasema kalamu ni nzima, mgonjwa ni mimi. Eti ikiwa nusu, ndani hujaa hewa. Joto la mwili likiipata, hewa hutanuka na kuusukuma wino nje. Niijaze pomoni, niibebe ncha ikiwa juu.

Basi? Ushauri mwepesi namna hiyo hauwezi kuwa wa kitaalamu. Lakini neno joto nimelidaka. Dawa ya joto ni baridi! Kalamu, nusu yake ileile, imelala kwenye friji kando ya maziwa.

Alhamisi, 6 Novemba

Balaa. Kalamu ilitoka kwenye friji ikiwa baridi, ikapata joto la kiganja changu, ikatema. Doa kwenye karatasi ya jaribio. Tone jingine kwenye tai ya mkuu.

Nikaona nisizame peke yangu. Nikamkabidhi Mwalimu wa Jiografia kalamu kwa tabasamu pana, nikimwambia inawafaa wenye vipaji. Moyoni nacheka. Akashukuru, akaifuta, akaijaza hadi juu kutoka kichupa cha wino cha mkuu, akaandika. Hata tone halikuvuja! Mkuu akampa kazi palepale.

Nimerudi nyumbani. Binti ameniuliza nani atawaandikia vyeti. Nimejifanya nakohoa.

Ijumaa, 7 Novemba

Asubuhi Mwalimu wa Jiografia alikuwa amemaliza vyeti arobaini. Cha arobaini na moja kakiweka mezani kwangu, hakina jina, na kalamu juu yake.

"Cha binti yetu andika wewe, kaka," alisema. "Mwandiko wa baba yake ataujua tu."

Ni mtu mwema. Nakiri hapa, na sitakiri penginepo.

Nitakiandika nyumbani, binti akiwa ameketi pembeni yangu. Kabla ya kutoka nimeikagua kalamu. Kaijaza pomoni! Mtu mwema, lakini ufundi hana. Nimemwaga nusu ya wino, nikaichomeka mfukoni mwa shati, ncha chini, nyuma ya cheti nilichokiviringa. Jua leo ni kali, nitatembea haraka.